Barua kwa Mwanaidi kuhusu wanafunzi wake Warusi

Moscow,
12 Februari

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi sote wazima, na natumai huko Tanga nako kwema na magoti ya mama yamepata nafuu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kwa makini, nikaona jambo lenyewe ni refu mno kujibiwa kwa simu. Acha nikuandikie kama zamani.

Unasema wale wanafunzi wako wapya wa Zoom wana msamiati mwingi na wanasoma Kiingereza bila shida, ila wakifika kwenye can, must, should na wenzao mambo yanaharibika. "I must to go." "You must not pay." "Give me, please, your book." Na unajiuliza kama wasingekuwa na bahati zaidi kwa mwalimu Mwingereza. Hilo nalikataa, Mwana, na ndilo lililonikalisha kuandika. Kwenye vitenzi hivi, mara nyingi Kiswahili na Kirusi vimekaa upande mmoja na Kiingereza kiko ng'ambo. Mrusi anapokosea, wewe unaweza kukisia alichotaka kusema. Mwingereza asiyejua Kirusi atasikia kosa tu.

Tuanze na hiyo "I must to go". Kitenzi cha Kirusi kisichonyambuliwa kwa nafsi kwa kawaida huishia na -t laini, nao shuleni walifundishwa kwamba kazi hiyo kwa Kiingereza hufanywa na to. Basi wanaibandika kila mahali, kama watoto wetu wanavyotafuta pa kuiweka ku- ya "naweza kuogelea". Hili ni la mazoezi ya mdomo, litaisha. Usilipe muda mwingi.

Penye kazi ni kwenye lazima. Kirusi hakina must moja. Wana dolzhen, ambalo si kitenzi, lina tabia ya kivumishi: mwanamume husema ya dolzhen, mwanamke ya dolzhna, wengi my dolzhny. Wana nado, na hapo mtu hasimami kama mtenda. Mne nado ni inanibidi kabisa, pamoja na ile -ni- yetu katikati. Halafu wana prishlos, la jambo lililokubana ukalifanya upende usipende. Sasa sikiliza tofauti. "Ya dolzhna byla pozvonit" ni nilitakiwa kupiga simu, na mara nyingi msikilizaji huelewa kwamba haikupigwa. "Mne prishlos pozvonit" ni ilinibidi nipige, na simu ilipigwa. Sisi tunatofautisha vivyo hivyo bila hata kufikiri. Lakini kitabu kimewaambia kwamba must ikirudi nyuma inakuwa had to, kwa hiyo wanazitia zote mbili humo. Muuguzi mmoja ninayemfundisha jioni aliniambia, "Yesterday I had to meet my sister." Nikamwuliza dada hajambo. Akanitazama kwa mshangao: hawakuonana, treni ilichelewa. Alikuwa anatafuta was supposed to. Nilipompa, akaiandika kwenye daftari na kuipigia mstari, kisha akatunga sentensi zake mwenyewe hadi muda ukatuishia.

Huyo huyo ndiye aliyenifanya niiweke "You must not" mbele ya yote, na nakusihi nawe ufanye hivyo. "Vy ne dolzhny platit" kwa Kirusi yaweza kumaanisha huwajibiki kulipa. Akiihamisha neno kwa neno inakuwa "You must not pay", na msikilizaji anaelewa amekatazwa. Kwenye malipo si neno, watu watacheka yaishe. Lakini fikiria muuguzi anayemwambia mgonjwa "You must not take this medicine" hali anataka kusema dawa hii si lazima. Hapa wewe una silaha tayari: si lazima ni don't have to, marufuku ni mustn't. Kiswahili hakituruhusu kuzichanganya. Kila mwanafunzi anaposema must not, msimamishe umwulize kwa upole: ni katazo, au ni hiari? Akizoea kujibu swali hilo kabla ya kufungua kinywa, umemaliza nusu ya kazi.

Kuna neno lao jingine, nelzya, ambalo nimelipenda tangu nilipolielewa. Chukua mlango. "Dver nelzya otkryvat" ni mlango usifunguliwe, imekatazwa. "Dver nelzya otkryt" ni mlango haufunguki, labda kitasa kimeganda kwa baridi. Nelzya ni lile lile. Kinachobadilika ni kitenzi kinachofuata, kwa kuwa Mrusi ana umbo moja la tendo linaloendelea au kurudiwa na jingine la tendo linalofika mwisho. Kiingereza kinasema "You can't open the door" kwa zote mbili, ila mustn't ni ya katazo tu. Wao watakuuliza sana kuhusu hili, na haufunguki yetu itakusaidia kuwaelewa haraka.

Can nayo iko hivyo. Wana umet kwa ujuzi na moch kwa uwezo au nafasi, kama sisi na najua kuogelea na naweza kuogelea. Kuziunganisha katika can hakuwasumbui. Kinachowasumbua ni wakati ujao: smogu yao ni neno moja, wanatoa "I will can". Wape will be able to na usonge mbele. Ila wasikilize matamshi yao. Wanaikaza can kwa nguvu, na msikilizaji akisikia can iliyokazwa anaweza kudhani ni can't. Waambie nguvu iende kwenye kitenzi kinachofuata: I can HELP you.

Kuhusu kukisia, watakwepa. Badala ya "He must have left" watasema "Maybe he left" au "Probably he left", kwa sababu kwa Kirusi wanatanguliza kielezi, dolzhno byt au naverno, na kitenzi kinabaki kama kilivyo. Si kosa, ila maybe ni dhaifu mno kwa mtu mwenye hakika. Wewe mbona unasema atakuwa ameondoka kila siku? Hiyo ndiyo must have left. Kwenye could have na should have watachelewa zaidi, maana kineno chao by, kinachofanya kazi kama -nge- yetu, hakitofautishi kilichopita na kinachowezekana bado. "Mogla by skazat" ni ungeweza kuniambia, jana au leo. Hata sisi mtaani ungeniambia hubeba zote mbili. Hapo uvumilivu, na tarehe: kila sentensi itajwe ni ya lini.

Sasa hiyo "Give me, please, your book", iliyokuudhi. Naomba uwape radhi. "Dayte, pozhaluysta, vody" ni adabu kamili kwa Kirusi. Mwuza duka hatanuna hata kidogo. Na wakitaka kuongeza heshima wanakanusha swali: "Ne podskazhete, gde metro?" Wakiitafsiri inakuwa "Won't you tell me where the metro is?" na Mwingereza anahisi analaumiwa. Usiwaambie hawana adabu, watajikunja na kunyamaza. Wape sentensi moja, kufungua dirisha, waiseme kwa mtoto, kwa mwenzao, kwa bosi, kwa mgeni ndani ya treni. Open, can you, could you, would you mind. Na "You must" ya kushauri igeuzwe you should, isipokuwa mtu anasifia chakula. You must try this cake ni ukarimu mtupu.

Wiki ijayo nirekodie wale wawili unaosema wanaongea sana, kwa ruhusa yao, unitumie. Nataka kusikia can zao, na yule wa Kazan nimsikie anavyosema had to. Nikisikiliza nitakuandikia nilichokiona, na ukipenda nitakutungia mazungumzo ya hospitali na ya stesheni.

Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie ile dawa ya kuchua nitaituma kwa mtu anayekuja Machi.

Nduguyo akupendaye,
Rehema