Baada ya titi kuondolewa

Mhariri,

Kila Oktoba tunahimizwa kupima saratani ya matiti, na ni jambo jema. Lakini aliyekwisha kukatwa titi anasemewa na nani? Dada yangu aliruhusiwa kutoka hospitali bila kuambiwa kwamba tezi za kwapani zikiondolewa mkono unaweza kuvimba, hata miaka ikipita, wala hakufundishwa mazoezi ya bega. Kifua kina ganzi, na bado huhisi titi lisilokuwepo likimwasha. Kioo anakikwepa. Titi huweza kuundwa upya kwa nyama ya tumbo au silikoni, ila gharama hiyo nani ataiweza! Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila mgonjwa, pamoja na mumewe, anaonana na mshauri nasaha kabla ya upasuaji.

Msomaji wenu,
Tanga