Krismasi njema kutoka Nakuru, na mkumbuke mkate wa kukhu

Heri ya Krismasi watu wangu, wa Nakuru, wa Kisumu, wa Kakamega, Vihiga, Busia, Bungoma, na nyinyi wenye mko mbali na kwenu lakini roho ilishafika kitambo. Nimesema niandike mapema kabla netiweki ianze kusumbua, si mnajua tarehe 25 ikifika kila mtu kijijini anataka kupiga simu ya video saa ile ile, na bando inaisha kabla hata hujaona kukhu, yaani nyanya yako, vizuri, umeona dari na nusu ya kitambaa chake basi.

Huku Nakuru sasa hivi ni vumbi na mabegi. Tuliitwa jiji Desemba 2021 na tukafurahi sana, lakini Desemba ikifika sisi ni njia tu ya watu wa kuenda nyumbani, matatu za magharibi zinapita zimefungwa magodoro juu, watoto wamelala kwa magoti ya watu hawawajui, na fea imepanda, kila mwaka inapanda na kila mwaka tunashtuka kama ni mara ya kwanza. Wengine wanasubiri treni ya Kisumu, ile ilirudi pia Desemba hiyo hiyo ya 2021 baada ya kukaa miaka bila abiria. Na reli yenyewe ilifika Kisumu Desemba 1901, kwa hivyo mimi naonanga hii mambo ya kukimbilia magharibi mwisho wa mwaka hata reli iko nayo kwa damu.

Sasa kitu nilikuwa nataka kusema. Tumezoea kuhesabu Krismasi na ile sahani ya tarehe 25 saa saba mchana, wali, kuku, chapati, soda, picha, imeisha. Kwangu sikukuu yenyewe huwa ni tarehe 24 usiku pale jikoni, jikoni ya nje ya moshi, kabla chochote kiwe tayari. Hapo ndio kuna watu. Mmoja anakanda, mmoja anakata madonge, mmoja anasukuma, mwingine yuko kwa jiko analia juu ya moshi na hataki kutoka kwa sababu akitoka atanyang'anywa kiti. Senje, shangazi yetu, amekaa kwa pembe hafanyi kitu, kazi yake ni kusema hiyo si chapati hiyo ni ramani. Vijana wa kiume siku hizi wanasukuma pia na wengine wanatushinda, ingawa hawataki wapigwe picha.

Na mambo yenye huambiwa hapo huwezi ambiwa kesho yake kwa sitting room, hata uulize vipi. Kesho watu watavaa vizuri, watakaa kwa viti vyenye vimewekwa vitambaa, na mtaulizana kazi inaendelea aje, inaendelea tu, halafu kimya, mtu anaangalia simu. Lakini mikono ikiwa na unga na macho yakiwa kwa kifimbo cha kusukumia, mtu anatoa tu. Hapo ndio nilijua babu alichuma chai Kericho akiwa kijana mdogo na akatoroka juu ya baridi. Hapo ndio binamu yangu alisema ameachana na bwanake, alisema tu hivi akigeuza chapati, na hakuna mwenye aliacha kazi, senje akamwambia basi leta donge lingine, tukaendelea, na nadhani hiyo ndio ilikuwa njia nzuri zaidi ya kumpokea kuliko kikao chochote chenye wazee wangeita.

Chapati enzi zetu ilikuwa ya Krismasi, ikipita sana Pasaka. Watoto wa sasa wanakula chapati Jumatano kwa kibanda na maharagwe, na mimi sioni ubaya, acha wakule, lakini hawaelewi kwa nini mama zao wanachangamka hivyo wakiona unga wa ngano.

Halafu kuku. Sisi Waluhya tumechekwa na ingokho mpaka tumezoea, sawa, hatukatai. Kumkimbiza ni kazi ya watoto na nikiwauliza baadaye Krismasi ilikuwa aje wanaeleza venye jogoo aliruka ua la jirani, nyama hawataji. Sasa mnajua firigisi ni ya mzee wa boma, hiyo haiulizwi, hata ukiwa na digrii tatu. Lakini mzee wetu alituacha, na ile Krismasi ya kwanza bila yeye hakuna mwenye alikuwa amefikiria firigisi itaenda wapi mpaka ikawa iko kwa sufuria. Wajomba wakaanza kuangaliana, mkubwa anaona ni yake, mwenye alinunua kuku naye anaona kuna kitu anafaa kusikia. Senje akachukua kijiko, akaitoa, akaiweka kwa sahani ya kukhu, akaketi. Muelewe kwamba kukhu alikua wakati mwanamke wa huku alikuwa hali kuku kabisa, yeye alikuwa wa kupika na kupeleka, mchuzi wenyewe ulikuwa ni wa kuonja kisirisiri. Akaiangalia, akaweka mdomoni, akatafuna polepole sana watu wote wakingoja, halafu akasema, "Hii ndio mlikuwa mnatunyima miaka yote? Haina hata kitu."

Wueh. Wajomba walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Tangu hapo firigisi ni ya kukhu, na bado anasema haina kitu, na bado anaimaliza.

Siku ya pili ya Krismasi ni kuenda Malinya, wenye mnatoka Ikolomani mnajua, fahali wanapigana na isukuti, ile ngoma yetu, inalia tangu asubuhi, na hiyo isukuti yetu ya Isukha na Idakho ndio UNESCO waliiweka mwaka 2014 kwa ile orodha ya urithi wenye unahitaji kulindwa haraka. Mimi kwa fahali huwa nyuma kabisa karibu na mti wa kupanda. Na majirani zetu wa Mumias wenye ni Waislamu hukuja kula chapati bila kualikwa, venye sisi tunaendanga kwa pilau yao Idd bila kualikwa.

Kuna wenye hawataenda mwaka huu. Fea haijapatikana, ama bosi amekataa, ama karo ya Januari imekaa hapo inakuangalia. Kaka, dada, usikope ndio uonekane nyumbani umebeba vitu, aki usikope, kukhu anataka kukuona na mkate mmoja na robo ya sukari, na akikukosa tuma ya majani chai na M-Pesa, umpigie asubuhi kabla netiweki ijae. Na hapo kwa ploti ukande unga. Gonga mlango wa yule jirani hujawahi jua jina lake, mwambie akuje na kifimbo chake. Mimi nimeanza kufanya hivyo hata siku za kawaida, Jumanne stima ikipotea tunatoa mboga ya managu kwa beseni tunachambua na watoto kwa mwanga wa simu, na maswali wananiuliza hapo ya shule na ya Mungu hawajawahi niuliza nikiwa nimewaita niwaulize.

Wauguzi wa zamu ya usiku, makanga, askari wa geti, akina mama wa soko la Kibuye wenye watauza nyanya mpaka jioni ya 24, sikukuu njema kwenu zaidi, sisi tunakula kwa sababu nyinyi hamjalala. Wenye wameondokewa mwaka huu, poleni sana. Ikiwa kuna kiti kiko wazi hapo kwenu msikifiche, wekeni mtoto akalie.

Madereva, ile barabara ya Salgaa polepole jameni, kukhu atangoja.

Mimi natoka tarehe 23 asubuhi kupitia Kericho. Pale njia panda ya Total nitasimama nichukue viazi na karoti, kwa hivyo wenye tunaenda upande mmoja mseme sasa mnataka gunia ngapi, msinipigie nikiwa nishafika Ahero. Na tafadhali mwenye alibeba kifimbo cha senje mwaka jana akirudishe, ameuliza mara nyingi na anajua ni nani.