Hewa ya ofisini kwetu

Mombasa, Jumapili jioni

Mwanaisha shoga yangu,

Salaam nyingi. Uliniuliza habari za kifua. Sasa ni afadhali, na si kwa dawa.

Chumba chetu unakijua: watu sita, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na bosi na sigara yake. Kila nikilalamika naambiwa, "Kiyoyozi si kipo?" Kipo, lakini hakileti hewa mpya. Kinavuta ileile ya chumbani, kinaipoza, kinaturudishia na moshi wake.

Mdogo wangu aliye chuoni akaniazima kipimo cha hewa, kidude cha kuenea kiganjani, kinachopima zile chembe ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Nikakitegesha mezani kwangu, hatua nne kutoka kwa bosi. Saa mbili asubuhi, kabla hajafika, kilionyesha mikrogramu 19 kwa mita ya ujazo ya hewa. Alipowasha sigara ya kwanza kikapanda hadi 230. Saa nzima baada ya kuizima bado kilikuwa juu ya 80, na moshi wenyewe hatuuoni tena! Hilo ndilo lililonitisha. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usipite mikrogramu 15. Na kwa kuwa kipimo hakitofautishi moshi wa sigara na wa chapati za jirani, siku tano nzima niliandika daftarini kila sigara ya bosi na saa yake. Namba zilipanda na kushuka naye.

Nikampelekea mwenye kampuni daftari, pamoja na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inayokataza kuvuta sigara ndani ya ofisi. Akasema atanunua feni. Nikakataa, Mwanaisha, sauti inanitetemeka: feni itausukuma moshi kwa mwenzangu tu, na yule dada wa hesabu ni mjamzito wa miezi saba, yeye ahamie wapi?

Siku hizi bosi anavutia uani, chini ya mwembe, mbali na milango. Hatukugombana. Juzi kaniomba nikampimie chumba anacholala mwanawe.

Na wewe hapo hotelini Malindi, bado wanakuvutia sigara pale kaunta usiku kucha? Nikishampimia bosi, kipimo nitakupa, nikuletee mwenyewe mwisho wa mwezi. Tafuta daftari.

Wako,
Zuhura