Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume: sisi tuliochanganya kura

Moshi, Machi 2024

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi,

Shikamoo.

Nauza mitumba hapa Kiboriloni. Jumamosi ile mzee Edward Lowassa alipozikwa Monduli, biashara ililala. Tulikaa juu ya mabelo tukisikiliza redio, na ubishi ukarudi palepale: mwaka 2015 nani alimpa nani kura. Jirani yangu wa meza, Chadema tangu enzi za mzee Ndesamburo, akatoboa siri ya miaka minane. Mbunge na diwani aliwapa Chadema. Urais akampa Magufuli wa CCM, akamwacha Lowassa aliyekuwa mgombea wa Chadema. Jina la Lowassa lilikuwamo kwenye orodha ya mafisadi aliyoisoma Dk. Slaa wa Chadema pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, mwaka 2007, na yeye hakuona jinsi ya kulimeza 2015 eti kwa kuwa limebadilisha bendera.

Mimi nilifanya kinyume chake. Nina kadi ya kijani, mbunge nilimpa wa CCM, urais nikampa Lowassa. Tukacheka sana. Kijana mmoja akatuita wasaliti wote wawili, kisha akatuachia tumlipie kahawa yake.

Neno hilo limenikaa. Mrema alitoka CCM mwaka 1995, akagombea kwa NCCR-Mageuzi na kupata asilimia 27.8 ya kura za urais. Marehemu baba alikuwa mmoja wa waliompa kura, na kadi yake ya CCM haikutoka ndani ya Biblia. Lowassa naye alihama CCM kwenda Chadema Julai 2015, akapata asilimia 39.97, akarudi nyumbani Machi 2019 na kupokelewa kwa shangwe. Wakubwa wakivuka ni siasa, sisi tukivuka ni usaliti. Mteja wangu akichukua shati kwenye belo hili na suruali kwenye lile, namfungia vyote kwenye mfuko mmoja, basi.

Nakuandikia wewe kwa sababu ya gundi.

Usiku wa Oktoba 25, 2015, nilisubiri nje ya kituo chetu hadi fomu za matokeo zilipobandikwa kwenye ukuta wa darasa. Nikamulika kwa tochi ya simu: 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Chama kilekile, kituo kilekile, namba tatu zisizofanana. Kumbe tulikuwa wengi! Kona moja ya 21B ilikuwa imebanduka, nikaikandamiza kwa kidole changu chenye wino. Alhamisi, rais alipotangazwa, nilipita tena. Ukutani ilikuwa imebaki alama ya gundi.

Najua mtasema matokeo ya jimbo yanatosha. Hayatoshi. Chukua kura yangu na ya jirani yangu: mimi nimevuka huku, yeye kavuka kule. Ukizijumlisha, kila chama kina kura moja ya rais na moja ya mbunge, utadhani hakuna aliyevuka. Jumla inapokuwa kubwa, ndivyo tunavyozidi kufutana. Kituo kimoja kimoja hakitatuonyesha wote, lakini kitaonyesha zaidi.

Ombi langu ni kwamba picha za fomu hizo tatu, za kila kituo nchini, ziwekwe kwenye tovuti ya Tume na zisiondolewe. Mbunge tunaweza kumpinga mahakamani. Rais akishatangazwa, Ibara ya 41(7) ya Katiba imefunga mlango huo, kwa hiyo karatasi ile ukutani ndiyo ushahidi pekee ambao mtu kama mimi ameuona kwa macho yake. Bunge limeshapitisha muswada wa kuifanya Tume iitwe Huru. Jina ni zuri, lakini mimi naulizia fomu.

Wapo watakaosema wanasiasa watazitumia kuadhibu mitaa. Mheshimiwa, wanaadhibu tayari, kwa kukisia. Kuna mmoja alitwambia barabara yetu isubiri kwa kuwa mtaa "haukuwa naye". Nilipoangalia 21B ile kabla haijabanduka, alikuwa na kura za kutosha kujaza daladala kadhaa. Wenye kura hizo wanakanyaga tope lilelile.

Uchaguzi ni mwakani, 2025. Wino mtanunua, nina hakika. Na gundi, tafadhali, safari hii iwe ya maana.

Wako,
Muuza mitumba, Kiboriloni