Historia ya maktaba ya Kaloleni ikusanywe wazee wangali hai

Kwako Mhariri,

Kila inaposimuliwa historia ya maktaba za umma jijini Nairobi, habari huanzia Barabara ya Banda, penye nguzo za mawe na sanamu za simba za Maktaba ya McMillan, na mara nyingi huishia papo hapo. Maktaba ya Kaloleni, ambayo ndiyo iliyonilea, hutajwa mwishoni kwa sentensi moja pamoja na ile ya Makadara, kwamba ni matawi. Jambo hilo huniuma, nami naomba nafasi katika gazeti lako nieleze sababu.

McMillan ilifunguliwa mwaka wa 1931. Bibi Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, William Northrup McMillan, tajiri aliyefariki mwaka wa 1925 na kuzikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baraza la Jiji liliichukua mwaka wa 1962, Uhuru ukikaribia.

Sasa tuutazame mtaa wetu. Nyumba za Kaloleni zilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za Waafrika, na katika ujenzi huo walitumiwa mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia. Zikapangwa kuuzunguka ukumbi wa mikutano. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na wiki chache baadaye akakamatwa. Kwa hiyo Mwafrika aliyeketi Kaloleni siku ile akiunga mkono hoja ya uhuru hakuwa na ruhusa ya kuazima kitabu katika maktaba kuu ya jiji alimokuwa akifanya kazi. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi kama Kaloleni, historia ya maktaba inaanzia hapo, wala si kwenye zile nguzo.

Tulipokuwa watoto, wengi wetu tuliishi familia nzima katika chumba kimoja au viwili, na maktaba ndiyo iliyotupa meza, taa na utulivu wa kudurusu kabla ya mtihani. Mkutubi alituamuru tunawe mikono bombani kabla ya kugusa kitabu, na aliyerudisha kitabu kikiwa safi aliruhusiwa kuchagua kingine kabla ya wenzake. Mambo kama hayo hayamo katika jalada lolote la serikali. Yamo vichwani mwa watu, na kila mwaka tunawazika baadhi yao.

Nalishukuru shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, ambalo kwa kushirikiana na Serikali ya Kaunti limeikarabati maktaba yetu hata watoto wakarejea. Hata hivyo, paa na rangi mpya vinahitaji kuandamana na kumbukumbu za wenyeji. Naiomba Kaunti itenge rafu moja hapo Kaloleni kwa historia ya mtaa wenyewe, iwalipe vijana wachache waliomaliza shule wazunguke nyumba kwa nyumba wakiwarekodi wazee kwa lugha ambayo kila mzee anaimudu, iwe Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya au nyingineyo, na nakala za mahojiano hayo zibaki hapo hapo mtaani badala ya kupelekwa katikati ya jiji, ambako nauli pekee itamzuia bibi kizee kwenda kusikiliza sauti ya marehemu mumewe.

Kadi yangu ya kuazimia vitabu ningali nayo, imepauka lakini jina linasomeka. Niko tayari kuitoa ili iwe ya kwanza kuwekwa kwenye rafu hiyo.

Mkazi wa zamani wa Kaloleni,
Nairobi