Kwa nini njegere za jana hazina utamu wa za leo

Lalamiko tunalolisikia zaidi dukani, hasa miezi ya joto, ni hili: "Rangi nzuri, lakini nimezipika hazina utamu." Mteja anadhani tumempa mbegu mbaya. Mara nyingi cha kuulizwa ni saa ngapi zimepita tangu zichumwe.

Njegere mbichi ina sukari. Ikishachumwa, sukari hiyo huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha mambo. Kwa joto la Dar es Salaam, njegere iliyoshinda mezani kutwa nzima hupoteza sehemu kubwa ya utamu wake huku ukijani uko vilevile. Kwa hiyo macho hayatoshi. Tafuna punje moja mbichi kabla ya kulipa, hatukasiriki.

Mmea wenyewe ni wa baridi. Joto likizidi maua hupukutika na maganda hayajai, ndiyo maana Pwani hazilimwi. Zetu zinatoka Lushoto, milima ya Usambara, zinachumwa alasiri na kusafiri usiku.

Aina nayo ina lake. Gregor Mendel, mtawa wa Brno (mji ulio Cheki ya leo) aliyepanda njegere kuanzia 1856 kuchunguza jinsi sifa za mimea zinavyorithiwa, alilinganisha punje za mviringo laini na zile ambazo zikikauka hujikunja. Hizo za mikunjo ndizo tamu zaidi zikiwa mbichi, kwa kuwa kimeng'enya (kichocheo cha asili ndani ya mmea) kimojawapo cha kutengeneza wanga kina hitilafu, basi sukari inabaki nyingi. Za mviringo zinafaa zaidi kukaushwa. Ukinunua mbegu za bustani kule nyanda za juu, tafuta mikunjo.

Kwa kuwa utamu hupotea haraka hivyo, tumeacha kumenya mapema. Zinakaa ndani ya maganda, kwenye baridi, na tunamenya ukishaagiza. Kilo ya maganda hutoa nusu kilo ya punje au pungufu, kwa hiyo bei ya zilizomenywa isikushtue. (Mgeni wa Nairobi akiandika "minji" tunamwelewa. Ila kama unataka za nazi za kula na maandazi asubuhi, andika mbaazi. Huo ni mmea mwingine kabisa.)

Hupiki leo? Zitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja na nusu hivi, chuja, zitie kwenye maji ya barafu, zikaushe, funga, weka kwenye friza. Maji ya moto huzima vimeng'enya. Ukiiruka hatua hiyo zitaharibika ladha humohumo kwenye barafu. Siku ya kupika usiziyeyushe, zitie kwenye mchuzi dakika za mwisho. Na magadi, jamani, acheni: ukijani unaongezeka, lakini punje zinakuwa ujiuji na vitamini zinapotea.

Maagizo ya kumenyewa yafike kabla ya saa tatu asubuhi, kuanzia kisado kimoja. Jumatatu gari la mzigo haliji, hivyo siku hiyo tunauza za friza tu, na tutakwambia kabla hujalipa.