Yah: Vibao vya mpini wa bastola yangu vilivyopigwa msasa bila idhini

Kwa Meneja,
Karakana ya Silaha, Arusha.

Ndugu Meneja,

Salamu. Kwenye fomu yenu ya kupokelea kazi imeandikwa hivi: "Silinda inachelewa kujifunga kwenye chemba ya tano. Vibao vya mpini visiguswe." Chini yake kuna sahihi ya fundi wenu. Kuhusu kazi isiyoagizwa na mteja sina haja ya kuwasomea masharti yenu, mmeyabandika wenyewe ukutani.

Jumamosi kijana wa kaunta aliitoa ile bastola yangu ya silinda (gurudumu lenye matundu ya risasi, yaani chemba), K-22 Masterpiece, kwenye droo, vibao vikiwa kando, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Vinang'aa kama meza ya baa. "Mzee, si unaona vimekuwa vipya?" Vijimraba vilivyochongwa kiwandani ili kiganja kisiteleze vimebaki kivuli. Ile almasi ya mbao inayozunguka tundu la skrubu, ambayo Smith & Wesson waliacha kuiweka mwaka 1968 na ambayo mkusanyaji huitazama kabla ya kitu kingine chochote, imelainishwa hadi kingo zake hazionekani. Kibao cha kulia kilipogeuzwa, mahali palipogongwa namba ya bastola ni peupe.

Namba ile ni moja na iliyogongwa chini ya mpini wa chuma. Kiwandani kila jozi ya vibao ilisawazishwa kwenye fremu yake, yaani kiunzi cha chuma cha bastola, ndiyo maana ikapewa namba ya fremu hiyo. Na hii ni bastola ya kabla kiwanda hakijaanza kutumia namba za modeli mwaka 1957, zilizoifanya baadaye iitwe Modeli 17. Yenye vibao vyake vya kuzaliwa navyo ina bei yake, na iliyovalishwa vya kuokoteza ina bei nyingine.

Hata kuvitoa hamkujua. Skrubu hulegezwa mizunguko mitatu au minne, haitolewi yote. Kisha kichwa chake kinagongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi, na kibao cha upande wa pili kinajiinua chenyewe. Ncha ya bisibisi lazima ijae kwenye mfereji wa skrubu, la sivyo inateleza na kuchana mbao. Ninyi mmebenua kwa bisibisi bapa kuanzia chini. Kona ya kibao cha kushoto imemeguka pale pale penye tundu la kijipini cha fremu. Jasho na mafuta ya zamani huondolewa kwa mswaki laini na kitambaa, labda na nta kidogo. Msasa hauna kazi hapo! Ukishapunguza mbao, ukingo wa chuma unabaki umesimama juu yake, na ukipitisha ukucha unakwama. Hapa unakwama kutoka juu hadi chini.

Narudi pale kaunta, kwa sababu simu yenu ya Jumatatu ilipapita kana kwamba hapakutokea kitu. Kijana alipoulizwa namba iko wapi, alilamba kidole gumba, akasugua pale peupe, vumbi la mbao likabaki kidoleni. Ukaonekana mkia wa tisa, basi. Akacheka mbele ya wateja wawili: "Mzee, nani anaangalia huko ndani? Vipande vya mbao hivi, seremala yeyote wa Kijenge anakuchongea mchana mmoja." Kisha, bila kuombwa, akafungua silinda na kuirudisha kwa kurusha kiganja, kama kwenye sinema. Karakana ya silaha! Mchezo huo hupinda mkono unaobeba silinda, chemba zikaacha kukaa sawa na mtutu, risasi ikaingia ikijikwangua ukingoni. Na silinda ndiyo iliyoletwa kutengenezwa. Chemba ya tano bado inachelewa, na fedha ya kazi hiyo mlishaipokea.

Mrudishe fedha hiyo yote. Ahadi yenu ya kupiga vanishi upya bure naikataa. Vanishi ndiyo kosa lenyewe, na mbao iliyokwisha kuliwa hairudi. Mtafute kwa gharama zenu vibao vya kiwandani vya aina ya Magna, vya mjozi, vyenye almasi, vya fremu ya ukubwa wa K, si wa J wala N. Hata hivyo vitakuwa na namba ya bastola nyingine, kwa hiyo mtalipa pia thamani iliyopotea, kwa makadirio ya mthamini nitakayemchagua mimi. Pia nataka barua yenye mhuri inayosema namba ilifutwa kwenye karakana yenu, isije ikaonekana mwenye leseni ndiye aliyeifuta.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimeisoma tena ile fomu. Ni siku saba. Baada ya hapo nakala inakwenda Tume ya Ushindani na nyingine kwa polisi wanaosimamia leseni za silaha, na huko kijana wenu atawaonyesha namna ya kufunga silinda. Vibao vyote viwili, pamoja na gazeti lake, nimevihifadhi. Dukani kwenu havirudi.

Mteja wenu,
Mkazi wa Sakina, Arusha.